Pumzi Haina Sahihi

Jumamosi soko la Merkato halina adabu. Utakanyagwa, na aliyekukanyaga ndiye atakayekuuliza kwa nini umesimama njiani. Meklit alikuwa amekwisha kukanyagwa mara tatu alipofika upande wa mbao, na hapo, kati ya malori yanayopiga honi, akauona ubao wa mti wa wanza aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi. Wekundu wake wa kiasi, mishipa imetulia, kifundo hata kimoja hauna. Akauwekea mkono. Mkono mwingine ukatua upande wa pili.

"Dada, huu nimeshauona mimi," mwanamume akasema.

"Kuona si kununua, kaka."

Alikuwa kijana mrefu, shati la buluu amelikunja mikono, penseli sikioni, na vumbi la mbao kwenye nyusi. Meklit siku hiyo alivaa gauni la kijani la kitani na koti la jinzi, na netela nyeupe amejitanda kichwani kwa sababu ya manyunyu. Aliinama akaunusa ubao.

"Hiyo mbao, si pilipili ya berbere," yule kijana akamchokoza.

"Nanusa unyevu. Mbao mbichi ikishapigiliwa ukutani hujikunja, na wewe fundi umeshakwenda zako."

Fundi akacheka, tena kicheko cha mtu aliyepatikana. Ikabainika kwamba Meklit hakutaka ubao mzima, alitaka kipande cha sampuli tu. Wakaazima msumeno wa mwenye duka, kikakatwa kipande cha urefu wa kiganja, kilichobaki kikawa cha fundi. Akamuuliza kama ameridhika. Meklit akavuta pumzi fupi kwa ndani, hh. Sisi watu wa Addis, "ndiyo" yetu haitoki kinywani, inaingia. Ukishaisikia pumzi ile, mambo yamekwisha. Wakaachana bila kuulizana majina, na kila mmoja akajilaumu njia nzima.

Jumatatu Meklit alikwenda Kazanchis, kwenye nyumba ya wageni ya Weizero Abonesh, yaani Bi Abonesh, mjane aliyeirithi kwa mama yake. Ukumbi wa chini ulikuwa ukitengenezwa upya kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Septemba. Michoro yote ilikuwa ya Meklit, kuanzia kaunta hadi jukwaa la kahawa, pale buni inapokaangwa mbele ya wageni, lakini safari hii bosi wake, Ato Lemma, alimwongezea mzigo: asimamie na mkataba.

"Kuchora unajua," alimwambia. "Sasa nione kama unajua kusimama katikati. Mwenye mradi asikuvute kwake, fundi asikuvute kwake. Ukiyumba, utarudi mezani kuchora na mambo ya saiti utayasikia kwa wenzako."

Alikuwa ameusubiri mzigo huo miaka minne. Alikuwa anapanga karatasi zake mezani mlango ulipofunguliwa, akaingia fundi aliyeshinda zabuni ya kazi hiyo. Penseli ilikuwa bado sikioni. Jina lake Surafel.

Meklit alijikaza akasoma taratibu kwa sauti ya ofisini. Kikao kila Jumanne, na yaliyosemwa yaandikwe. Sampuli ikikubaliwa, wote watatu watie sahihi nyuma yake. Mabadiliko yoyote, hata ya bawaba, yawe na karatasi iliyosainiwa kabla mtu hajashika nyundo.

"Kwa mdomo hakuna kitu," akamaliza.

"Hata salamu?" Surafel akauliza.

"Salamu ziko nje ya mkataba, fundi."

Weizero Abonesh akacheka mpaka miwani ikateleza, na wote watatu wakatia sahihi nyuma ya kile kipande cha wanza.

Basi kazi ikaanza, na mvua nayo. Surafel akawa anapiga simu. Mwanzoni aliuliza mambo ya maana, kisha akaanza kuuliza mambo ambayo hata kipofu angeyaona kwenye mchoro.

"Kaunta ina kimo gani, msimamizi?"

"Angalia mchoro wa nane."

"Ninao hapa mkononi."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Nilitaka kusikia ukinigombeza. Siku haijaanza mpaka unigombeze."

Meklit alikuwa akikata simu na kuitazama kwa muda, anatabasamu peke yake kama aliyepewa peremende. Siku za Jumanne akaanza kupaka wanja. Surafel naye, siku za Jumanne, alifuta vumbi kwenye nyusi. Walikuwa wamependana, na waliojua walikuwa wote isipokuwa wao wawili.

Sasa sikiliza Ijumaa moja ya mfungo wa Filseta. Weizero Abonesh alikuwa amekwenda monasteri kusali hadi mfungo uishe. Surafel alibandua plasta ya ukuta wa nyuma, mahali pa kuweka jukwaa la kahawa, akakuta unyevu unaoshikika. Akamwita Meklit, akamwekea kiganja chake ukutani. Alisema mbao hapa haitamaliza masika mawili. Afadhali jukwaa lihamie dirishani, likate kona kwa kufuata upinde wa dirisha, kahawa ikaangwe penye mwanga. Meklit akatazama, akapima kwa macho. Jamaa alikuwa na haki.

"Tulihamishe?" Surafel akauliza.

Akavuta pumzi. Hh.

"Na chakula cha mchana ule na mimi?"

Hh nyingine, hata kabla swali halijatua.

Wakaenda kula chakula cha mfungo kwenye hoteli ndogo ng'ambo ya barabara. Surafel akakunja tonge la injera na mchuzi wa shiro, akamlisha. Meklit akatafuna akiona haya, watu wote wanawatazama.

"Tonge moja huleta ugomvi," Surafel akasema. "Ongeza."

Akaongeza la pili, na la tatu. Fomu ya mabadiliko ilikuwa ndani ya mkoba wa Meklit, kwenye kiti cha pembeni, haijaandikwa hata tarehe. Yule aliyewafundisha watu wazima kwamba kwa mdomo hakuna kitu, siku hiyo aliisahau kabisa, na kesho yake pia. Nisimseme sana, furaha ilimjaa kichwani. Lakini kosa ni kosa.

Mfungo ukaisha, Weizero Abonesh akarudi. Alisimama katikati ya ukumbi na shali lake jeupe, akatazama dirishani, ambako jukwaa lilikuwa limekwisha kupigwa vanishi, kisha akatazama kona ya nyuma ilivyo tupu. Kona ile ndiyo mama yake aliyokalia miaka arobaini akikaanga kahawa. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nani kaamua.

Jumanne wakakaa kikao, na Ato Lemma akaja mwenyewe. Surafel akaeleza habari ya unyevu, akamalizia kwamba msimamizi alikubali. Wote wakamgeukia Meklit.

"Meklit," Ato Lemma akasema, "kuna karatasi?"

Miaka minne ikampita kichwani, na ile meza ya kuchora iliyo karibu na choo.

"Hakuna karatasi," akajibu.

Ulikuwa ukweli mtupu, na hajawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Weizero Abonesh akasema kama ni hivyo fundi amejiamulia. Akampa mpaka Ijumaa abomoe jukwaa, afunge vyombo vyake aende, yeye atatafuta mwingine. Na wenzake wa chama cha mtaa wakimuuliza, atawaambia kwamba Surafel hujenga anachotaka yeye. Kwa fundi ambaye kazi zote huzipata kwa mtu kumwambia mtu, maneno hayo ni kufuli la karakana. Surafel alimtazama Meklit mara moja, akatoka.

Jioni Meklit akampigia. Ilimbidi apige mara tano.

"Nilikuuliza au sikukuuliza?" Surafel akasema.

"Uliniuliza."

"Ukakubali?"

"Nilikubali."

"Mbona hukusema?"

"Ato Lemma aliuliza karatasi, Surafel. Sikuwa nayo."

"Mimi sikutaka karatasi. Mimi niliichukua pumzi yako nikajenga juu yake. Kuanzia leo, Weizerit Meklit, ukiwa na neno na mimi niandikie. Hata salamu."

Weizerit. Jina la heshima la mwanamke asiyeolewa, la kuitwa na karani wa posta. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Meklit akakaa kitandani na netela yake magotini, akalia. Hakulilia kazi. Alilia kwa sababu alijua fundi ana haki, kama alivyokuwa na haki juu ya ule ukuta.

Asubuhi akaufungua mkataba, akausoma kama mwanafunzi. Kwenye ukurasa wa kumi na moja kulikuwa na kifungu alichokuwa akikiruka kila mara: agizo lililotolewa kwa mdomo, aliyelitoa akilithibitisha kwa maandishi, huhesabiwa tangu siku lilipotolewa. Njia ilikuwepo siku zote. Ila mlangoni palikuwa na ada yake, nayo ni kutia sahihi chini ya kosa lako mwenyewe.

Akaandika, akampelekea Ato Lemma. Mzee akasoma mara mbili.

"Ukiitoa hii, itakaa kwenye faili mpaka nyumba ianguke," akamwambia. "Na mradi unaofuata sitakupa usimamizi. Siwezi."

"Najua, Ato Lemma."

"Bado unaitoa?"

"Fundi atabomoa kitu kizuri na jina lake pamoja. Naitoa."

Ato Lemma akamrudishia karatasi. Tangu siku hiyo humpisha mlangoni.

Alhamisi Meklit akaisoma barua ukumbini, mbele ya Weizero Abonesh na Surafel, amesimama, gauni lake lile la kijani, uso hauna wanja. Barua haikuwa ndefu.

"Ijumaa ya mfungo, ukuta wa nyuma ulipokutwa na unyevu, fundi aliniuliza kama jukwaa la kahawa lihamie dirishani. Nilikubali kwa pumzi. Nilipaswa kumwuliza mwenye mradi kwanza, sikumwuliza. Nilipaswa kuandika, sikuandika. Nilipoulizwa kikaoni nilijificha nyuma ya karatasi isiyokuwepo. Kosa ni langu, si la fundi."

Weizero Abonesh akaenda kwenye kona ya nyuma. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

"Mama alikuwa akilalamika mgongo unamuuma kwa baridi," akasema. "Miaka yote. Sisi tukasema ni uzee."

Akajifuta mkono kwenye shali, akasema jukwaa libaki dirishani na fundi amalize kazi yake. Kisha akamgeukia Meklit.

"Ila wewe mwanangu, ulinitazama machoni siku ile ya kikao. Barua nimeipokea. Macho nitayaamini polepole."

"Ni haki yako, mama."

Surafel akachukua nakala yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alisema neno moja tu, "Nimepokea," akarudi kwenye msasa wake. Meklit alikuwa ametarajia zaidi. Nani asingetarajia?

Zikapita siku za kazi bila mzaha. Jumanne zikaja na kwenda, Meklit akiandika, Surafel akijibu yale aliyoulizwa. Simu yake haikulia kwa ajili ya kaunta wala bawaba. Siku ya kwanza ya Pagume, ule mwezi mfupi unaofunga mwaka wetu, Meklit akapita ukumbini na kalamu kuandika orodha ya kasoro, zile ndogondogo za kurekebishwa kabla ya kukabidhi. Akapata kumi na moja: bawaba inayolia, tone la vanishi chini ya kaunta, droo inayogoma. Akamwachia fundi orodha, akaondoka.

Siku ya kukabidhi ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya. Mvua ilikuwa imechoka, mlangoni kuna mafungu ya maua ya manjano, na majani mabichi yamemwagwa sakafuni. Weizero Abonesh mwenyewe alikuwa amekaa jukwaani, dirishani, gauni jeupe la sherehe lenye mapambo mekundu, anatikisa buni kwenye kikaango. Harufu ilikuwa imeshafika barabarani, na wapita njia wawili walikuwa wamesimama kuchungulia.

Meklit akapewa orodha yake. Kila kasoro ilikuwa na alama ya vema pembeni. Akaukagua ukumbi, bawaba kimya, droo inateleza. Alipogeuza karatasi atie sahihi, akaona ya kumi na mbili, imeandikwa kwa penseli:

"12. Fundi hampigii simu msimamizi. Itarekebishwa leo."

Simu ikalia mkobani. Akainua macho. Surafel alikuwa dirishani, hatua kumi tu kutoka pale, shati jeupe, nyusi safi, simu sikioni, amempa mgongo.

"Haloo," Meklit akasema.

"Kaunta ina kimo gani, msimamizi?"

"Angalia mchoro wa nane, we mwanamume usiyeona."

"Ahsante. Sasa siku imeanza." Akageuka. "Nilikasirika sana, Meklit."

"Ulikuwa na haki."

"Barua yako nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Sijui mtu mwingine aliyewahi kuandika jina langu akalitetea namna ile."

Wakakata simu kwa pamoja, maana hatua kumi zilikuwa zimebaki moja. Weizero Abonesh akajifanya anashughulika na kikaango, ingawa masikio yake yote mawili yalikuwa kwao.

"Sikukuu ya Meskel ikishapita," Surafel akasema polepole, "nataka kutuma wazee watatu kwa baba yako. Niwatume?"

Meklit akavuta pumzi fupi kwa ndani. Hh.

Kisha akashtuka, akakumbuka. Akafungua mkoba haraka haraka, akatoa fomu, akawa anatafuta kalamu, anasema ngoja, ngoja niandike, nitie na tarehe. Surafel akaushika mkono wake, akaurudisha mkobani pamoja na fomu yake.

"Acha," akasema. "Nimesikia."