Kabla Ombok Hajabonyeza

Kila Jumapili, baada ya kumkatia ndama majani na kusugua sufuria, Mokeira aliandamana na mama yake hadi zahanati iliyo karibu na soko la Ekerenyo. Mama yake, Gladys, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Ndani ya simu yake ndogo mlikuwa na kitabu cha majina na nambari: wajawazito, wazee wenye ugonjwa wa sukari na madereva wa kuaminika.

Kitabu hicho kilikuwa programu ya bure, na mtu yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Bwana Ombok, karani wa zahanati aliyetoka upande wa ziwani, alikuwa ameiweka kwenye simu ya Gladys na kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, akaandika vitufe vyake kwa Kiswahili. Kila Jumapili aliunganisha simu na kompyuta kwa waya, akabonyeza "Linganisha", na vitabu viwili vikawa sawa. Jina jipya la simuni liliingia kwenye kompyuta. Jina lililofutwa simuni lilifutika kwenye kompyuta pia. Mokeira alikuwa ameliona hilo kwa macho yake siku mgonjwa mmoja alipohamia Kiogoro.

Jumapili hii Mokeira hakutaka kwenda. Asubuhi, mama yake alipokuwa shambani, aliichukua simu bila ruhusa ili aweke mchezo wa magari. Simu ikakataa, ikasema haina nafasi. Basi huyu mjuaji wetu akafungua kitabu cha majina, akabonyeza "Futa yote".

"Si kompyuta inayo mengine?" alijiambia.

Mchezo ulikataa vilevile. Mokeira aliirudisha simu juu ya kabati. Hapo ndipo alipokumbuka ile "Linganisha" ya kila Jumapili.

Mchana, mvua ikipiga mabati, Ratemo, jirani yao wa bondeni, aliingia mbio ameloa chapachapa.

"Mama Mokeira! Mke wangu Purity ameshikwa na uchungu, na siku zake bado! Boda boda haziwezi kushuka, ni matope matupu. Mpigie Ondieki. Mimi sina nambari yake!"

Ondieki peke yake ndiye aliyekuwa na gari la kuhimili barabara ile. Gladys alifungua simu. Kitabu kilikuwa kitupu.

"Majina yangu yameenda wapi? Simu inaharibika leo, kati ya siku zote?"

"Nyasae!" Ratemo alimlilia Mungu akishika kichwa.

Mokeira alitaka kusema, lakini aliogopa. Wote watatu walitoka mbio kwenda zahanati, na njia nzima hakusema neno.

"Usijali, Mama Mokeira," Ombok alisema akitafuta waya. "Kompyuta inayo yote. Nikilinganisha, yatarudi simuni sasa hivi. Hukufuta kitu, sivyo?"

"Sijagusa. Yamejifuta yenyewe."

Ombok alichomeka waya. Mshale ulisogea polepole kwenye kioo kuelekea kitufe. Mokeira alijua kitakachotokea. Akisema, atagombezwa mbele ya watu. Asiposema, nambari ya Ondieki itapotea na huku pia. Alimtazama Ratemo, aliyekuwa akichungulia kioo juu ya bega la Ombok.

"Anko, ngoja! Usibonyeze!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nilifuta yote asubuhi. Ukilinganisha, yatafutika na huko!"

Ombok aliuchomoa waya kwa nguvu hata ukamponyoka. Kisha akatafuta kwenye kompyuta, akaipata nambari na kupiga kwa simu yake mwenyewe.

"Ondieki? Shuka bondeni kwa Ratemo haraka. Ni mama mjamzito!"

Gari lilishuka, likakwama, likasukumwa, likapanda. Purity alifikishwa zahanati, mikononi mwa mkunga. Walisubiri barazani hadi sauti nyembamba ya mtoto ikasikika. Ratemo aliketi sakafuni akalia kwa furaha.

Hapo ndipo Gladys alipomgeukia binti yake.

"Nimekasirika, Mokeira. Umechukua simu bila ruhusa, umefuta majina, kisha umeniacha nikihangaika na huku unajua. Njia nzima umenyamaza!"

"Nilikuogopa, Mama. Nilitaka tu nafasi ya mchezo wa magari."

"Niogope, lakini niambie! Simu hutaigusa tena hadi shule zifungwe."

"Na hata mchezo wenyewe haungeingia," Ombok alisema. "Kitabu hiki chote ni chepesi kuliko picha moja ya harusi. Ulifuta bure."

Mokeira aliinamisha kichwa. Ombok akaipunguza sauti.

"Sikiliza. Leo hii nitaibadilisha programu yetu, iwe inamuuliza mtu mara mbili kabla ya kufuta. Hilo naliweza. Lakini kazi ya kusema ukweli, hakuna programu itakayokufanyia. Ni wewe mwenyewe. Leo umechelewa, ila umesema kabla sijabonyeza, na ndiyo sababu tunamsikia yule mtoto. Siku nyingine usingoje mpaka kidole changu kifike kwenye kitufe."

"Nimesikia, Anko," Mokeira alijibu, akapangusa machozi. Mle ndani, mtoto alilia tena.