Kilo Tatu Mgongoni

Gubu.

Mtu alimeza. Mara moja tu, karibu kabisa na kifua cha Kemuma, kama mtoto anayemeza funda la kwanza la maziwa. Kemuma akafumbua macho gizani. Mogire, mumewe, alikuwa amelala akiwa ameelekea ukutani. Binti yao Sharon alilala chumba cha pili. Kemuma akagusa gauni lake. Lilikuwa limelowa, tena lilinuka maziwa. Ilikuwa miaka miwili tangu amnyonyeshe mtoto.

Alfajiri akalifua gauni kabla mtu hajaamka, akavaa kikapu mgongoni, akaenda kuchuma majani chai.

Adhuhuri, kwenye kituo cha kuuzia majani karibu na Kebirigo, karani Gibson alitundika gunia lake kwenye mizani. Akatazama namba, akakunja uso.

"Mama Sharon, toa mkono. Unataka nikupime na wewe?"

"Nimegusa kamba tu."

"Hebu achilia." Namba zikashuka. "Shika tena." Zikapanda. "Kilo tatu. Kila ukigusa, kilo tatu. Umenifichia mtoto wa nani humu?"

Wanawake kwenye foleni wakacheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Walikuwa majirani zake. Walikuwepo siku jeneza dogo lilipoteremshwa nyuma ya migomba. Gibson alikuwa mgeni hapo kituoni, hakujua.

Kemuma akarudi nyumbani na kikapu kitupu ambacho hakikuwa chepesi.

Tangu siku hiyo mwili wake ukaanza kumkataa. Bega la kushoto lilishuka. Vidole vikafa ganzi, kikombe kikawa kinamponyoka. Akilala chali, pumzi ilikwama nusu ya njia. Hospitalini Kisii walimpiga picha, wakampima damu na moyo. Daktari akasema haoni kitu, labda ni mawazo.

"Mawazo gani?" Mogire aliuliza wakiwa njiani.

Kemuma akatazama barabara. Mtoto alikufa usingizini, siku ya kumi na mbili. Watu wa kanisa walimwambia jikaze, wewe bado mdogo, utapata mwingine. Akajikaza. Siku ya nne baada ya mazishi alikuwa shambani, na tangu hapo hakuna aliyemwona akilia.

Jumatano pumzi ilipokuwa fupi kiasi kwamba hakuweza kumaliza sentensi, Mogire alimleta Persis kutoka Birongo, mkunga mstaafu aliyesifika kwa mikono yake. Mama huyo hakuwa na dawa wala chupa. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua mlango wazi kabisa.

"Uache hivyo hivyo, mwanangu," alimwambia Mogire. "Jirani waone. Huku kwetu mzee kama mimi akijifungia na mgonjwa, kesho wanamjia na kiberiti."

"Kwa hivyo si mambo ya giza, mama?"

"Ni saa nane mchana. Giza liko wapi?"

Akamketisha Kemuma kwenye stuli, akaweka viganja viwili juu ya mgongo wake. Hakukanda. Hakubana. Aliviacha vitulie tu, vyepesi, kama anayesikiliza ukuta.

"Vuta pumzi hadi inapokwama. Usiisukume. Ngoja hapo."

Kemuma akangoja. Joto likaingia begani polepole, kisha mbavuni, kisha likafika mahali palipokuwa pamefungwa, na hapo, chini ya viganja vya Persis, kati ya nguo na ngozi, kitu kidogo kilikuwa kinajisogeza, kikitafuta mahali pa kushika, kikipanda taratibu kuelekea shingoni, huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikijaa chumba chote mpaka Mogire akaziba pua pale mlangoni, na ndipo wote watatu, mchana kweupe, kuku wakiparua uani, wakasikia kikimeza.

Gubu.

"Yesu," Mogire alinong'ona.

Persis hakuondoa mikono. "Mtoto wenu aliitwa nani?"

Kemuma akamtazama mumewe.

"Nauliza jina."

"Hawezi kulitaja, mama," Mogire alisema kwa sauti ya chini. "Tulimpa jina la baba yangu, marehemu. Unajua chinsoni, miiko yetu ya heshima kwa wakwe. Mke hatamki jina la baba mkwe."

"Alimwitaje basi?"

"Tata. Kama anavyoitwa mzee yeyote."

"Siku zote kumi na mbili?"

"Zote. Hata kaburini."

Persis akafumba macho. "Kwa hivyo mama yake hajamwita hata mara moja."

"Niliseme mimi. Mimi ni mwanawe yule mzee, mimi naruhusiwa."

"Hakukaa mgongoni mwako."

Uzito ukafika shingoni. Kemuma alihisi kidevu kikishuka hadi kifuani, alihisi pumzi ikibaki nyembamba kama uzi.

"Na je," alisema kwa shida, "nikiita... akaja mzee?"

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtazama mkwe wake usoni. Alikuwa akimpisha njia, akimwekea chakula na kuondoka kinyumenyume.

"Mwite kama unavyoita wa kwako," Persis alisema. "Mzee hawezi kuitikia hilo. Mimi siwezi kumtoa, mwanangu. Naweza kukushikia mgongo tu."

Mogire alitoka mlangoni, akapiga magoti mbele ya mkewe, akamshika vidole vilivyokufa ganzi. "Sema," alimwambia. "Mimi nimeruhusu. Sema."

Machozi yakaanza kumtoka Kemuma, ya kwanza katika miaka miwili, yakidondokea mikono ya mumewe. Akafungua mdomo. Mgongoni, kile kitu kikatulia tuli, kama mtoto aliyesikia hatua za mama yake.

"Omwenga," alisema. "Omwenga wangu."