Kahawa ya Jeniffer Haielei

"Ndwiga, uko wapi?" Redio ya Motorola ilikwaruza.

"Giakanja. Namfukuza Gatobu kwa miguu."

"Na Land Rover?"

"Imechoka. Kama mimi."

Mwaka ni 1996. Ndwiga, jasusi mwenye magoti yanayolia kama bawaba, aliruka ukuta wa kiwanda cha kahawa, bastola ya Browning mkononi.

Tuseme ukweli, hakuruka. Alipanda, akaangukia upande wa pili.

Gatobu alikuwa ameshainua mikono. Anatabasamu.

Ndwiga akampekua. Soksi, mdomo, kisigino cha kiatu.

Hakuna kitu.

Kilichotafutwa ni kidonge chekundu cha plastiki, ukubwa wa tunda la kahawa. Ndani, filamu. Kwenye filamu, jasusi mwenzake Zeynab akiwa amevaa sare ya serikali. Na wakati huo Zeynab alikuwa Nanyuki, akiwamiminia chai wauza silaha waliodhani ni mtu wao.

Wakiiona picha, wanamuua.

Uani, akina mama walikuwa chini kwenye magunia, wakichambua kahawa waliyochuma. Nyekundu huku, kijani kule. Vilima kwa vilima vya matunda mekundu.

"Tafuta basi, mzee," Gatobu alisema. "Wenzangu wako njiani, na mimi najua nilipokitupa."

Ndwiga akamfunga pingu. Akatazama vilima vile. Akafikiria mgongo wake.

"Akina mama, mwageni zote kwenye tangi la maji. Gunia moja moja."

Ndwiga alikulia kwenye kahawa, kule Embu. Tunda zuri limejaa. Ni zito kuliko maji ya nafasi linayochukua, kwa hivyo linazama. Lililoliwa na mdudu lina hewa ndani: ukubwa ule ule, uzito umepungua, linaelea. Na kidonge cha plastiki kina kipande cha filamu tu, sehemu nyingine yote ni hewa.

Gatobu, mtoto wa mjini, kahawa aliijulia kikombeni.

Gunia la Waithira, mmoja wa akina mama, likatangulia. Yakaelea mengi. Ndwiga akayabana moja moja kwa vidole. Yote yakapasuka.

"Yangu usijisumbue, mzee," Jeniffer alisema. "Kahawa ya Jeniffer haielei. Uliza mtu yeyote."

"Mwaga tu, mama."

Akamwaga. Zikazama zote.

Isipokuwa moja.

Akina mama wakasogea tangini.

"Ati ya Jeniffer inaelea," Waithira alisema polepole, kama mtu anayelamba asali.

"Hiyo si yangu."

"Imetoka gunia ya nani?"

Ndwiga akaliokota, akalibana. Halikupasuka. Gatobu akaacha kutabasamu.

Ndwiga akabonyeza Motorola. "Ninacho. Zeynab aendelee na chai. Nitumieni gari ya mfungwa, haraka."

"Na wewe?"

"Kuna Land Rover ya kusukuma."

"Mzee," Jeniffer akamshika mkono, sauti chini. "Usiende hivyo. Nitaishi na hawa wakinicheka."

Ndwiga akawageukia akina mama.

"Hii si ya Jeniffer," alisema. "Ni ya serikali."

"Ndiyo maana iko na hewa tu," Waithira alisema.

Ndwiga akamsukuma Gatobu mbele, akatoka akichechemea. Safari hii kwa lango.