Zipora Ajiandikisha Mwenyewe

Kila siku ya soko Zipora alishuka Lushoto na tenga la kabichi kichwani. Kituo chake cha kwanza kilikuwa hoteli ya Bi Mwanamwema, mtu wa Tanga. Chai ya Mwanamwema ilikuwa nzito na mdomo wake haukupumzika. Makarani wa boma, ofisi ya wilaya, walikunywa pale, kwa hiyo habari za boma zilimfikia zingali moto.

"Mama Esta, umeshajiandikisha kupiga kura?" Mwanamwema alimwuliza asubuhi moja ya mwaka 1960, tenga halijatuliwa. "Jumamosi wanafunga."

"Hilo lina mwenyewe," Zipora alijibu. "Shemeji Nathanaeli ataandikwa kwa niaba ya nyumba yetu yote. Ndivyo tulivyozoea. Zamani mbuzi wa kodi alipelekwa kwa mfalme, kule Vugha, na mzee mmoja, na ukoo mzima ukahesabiwa umetoa. Huko juu mlimani sote tumepanga hivyo."

Mwanamwema alicheka mpaka wateja wakageuka. "Basi mtu mia mtahesabiwa kumi. Kura si mbuzi, dada. Kila mtu anapiga yake."

"Kwani yangu moja itafanya nini? Mkubwa si Bwana DC?"

"DC ni mkubwa wa wilaya tu. Juu yake yuko mkubwa wa jimbo, kule Tanga. Juu ya huyo yuko Gavana, Dar es Salaam. Na Gavana ameletwa na Malkia wa Uingereza. Hakuna aliyempigia kura, si mimi si wewe."

"Sasa tunachagua nani?"

"Wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Hao ndio wanaojadili sheria, na kodi yetu itumike wapi: barabara, shule, zahanati. Chama kikipata wajumbe wengi, kiongozi wake ndiye ataongoza mawaziri."

"Na Gavana anaondoka?"

"Bado yupo. Sheria haipiti asipokubali. Lakini kuwakatalia watu waliochaguliwa na nchi nzima si kazi nyepesi."

Zipora alikuwa bado kwenye neno zahanati. Masika iliyopita binti yake Esta alishikwa na uchungu. Walimbeba kwa machela, njia yote utelezi, mpaka hospitali ya Lushoto. Esta alipona. Mtoto hakupona.

"Mimi mwanamke naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa. Umri unao, tena wa kugawa. Ila wanataka ajuaye kusoma. Kusoma Kiswahili unajua?"

"Najua. Nilisoma darasa la watu wazima, pale kanisani."

"Basi unangoja nini?"

Jioni Nathanaeli, kaka wa mumewe, alikuja kula kwao.

"Shikamoo shemeji," Zipora alisema, kisha akamweleza yote.

Nathanaeli aliweka tonge chini. "Kwa hiyo neno langu halitoshi? Nimeisemea nyumba hii tangu baba afe."

"Kwa mashamba na mahari linatosha, shemeji. Kwenye kura ni neno la mtu mmoja."

"Nani kasema? Yule muuza chai?"

"Muuza chai wa makarani."

Rubeni, mume wa Zipora, alikohoa kuficha kicheko.

"Na wewe Rubeni unasemaje?" kaka yake aliuliza.

"Nasema kesho nashuka na mke wangu. Ikiwa ni uongo, tutakunywa chai turudi."

Kesho yake walishuka wote watatu. Nathanaeli alitangulia. Alipofika bomani, kwenye meza ya kujiandikisha, alimwambia karani, "Niandike mimi, wadogo zangu, na wake zetu."

Karani hakuinua hata kichwa. "Wewe ni mzee wa ngapi leo, baba? Kila mtu aje mwenyewe."

Nathanaeli aliandikwa peke yake. Rubeni akafuata, kisha Zipora.

"Na wewe umekuja kwa niaba ya nani?" karani aliuliza, amechoka.

"Yangu."

Karani alimpa ukurasa asome. Zipora alisoma kwa kidole, polepole. Kwenye neno moja alikwama. Watu nyuma yake wakaanza kuguna. Hakuwatazama. Alirudi mwanzo wa mstari, akasoma tena mpaka mwisho, kisha akaandika jina lake.

Nje, Nathanaeli alisafisha koo. "Mke wangu Dina anasoma vizuri kuliko wewe."

"Najua, shemeji. Tulikaa benchi moja."

"Basi mimi nitapita kwa wazee wenzangu. Ninyi piteni kwa wanawake."

Walipita nyumba kwa nyumba. Kila aliyejua kusoma alishuka. Jumamosi mstari wa watu wa mlimani ulizunguka jengo, na maandazi ya Mwanamwema yaliisha kabla ya adhuhuri.

Kampeni zilipoanza, mgombea alipanda mlima kwa miguu. Asingeweza kuwaruka watu wote wale walioandikishwa. Alifika viatu vimejaa tope, akasalimia, akaomba kura.

Zipora alisimama. "Ukiingia barazani, utaomba tujengewe zahanati?"

"Mama, serikali ina mipango mingi mizuri, na sisi katika chama..."

"Zahanati," Zipora alisema.

Mgombea alitazama nyuso zilizomzunguka. Hakuna aliyeinamisha macho.

"Nitaiomba," alisema.

"Lini?"