Kilo Mbili za Sindano

Kila asubuhi, Kiherehere, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia chumba cha ushonaji cha dada yake. Jumamosi moja alifagia pembe ileile mara tatu. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa akishona mfuko wa siri ndani ya sketi. Akatia humo mikasi miwili ya chuma na kufuli la duka.

“Dada, ya nini hayo?”

“Hospitali wanataka mtoaji awe na kilo hamsini. Mimi nina arobaini na nane. Shangazi ameungua, anangoja plazma, yale maji ya manjano ya damu. Nani atamtolea? Mjomba aliyekimbia sindano? Funga domo!”

Hospitalini, Mjomba, fundi seremala mwenye mwili wa kabati, alibaki nje ya mlango. Ndani, Kiherehere alikaa, akasimama, akakaa tena. Nesi alimpima Sindano shinikizo la damu, akamtoboa kidole, akamuuliza kuhusu homa na dawa. Kisha mizani: hamsini na nusu.

“Umekula mawe, binti?” bibi mmoja kwenye benchi akatania. Watu wakacheka. Kiherehere hakucheka.

“Uzito ndio unaotuambia mashine itoe kiasi gani,” nesi alisema akiandika. “Tukizidisha, mtu huzirai, au zaidi ya hapo.”

Kiherehere aliitazama sketi ya dada yake. Akisema, Shangazi atakosa. Akinyamaza, je, dada yake? Sindano alijilaza kitandani. Nesi akampaka spiriti mkononi.

“Nesi, ngoja! Mpime tena! Ana mikasi kwenye sketi!”

“Umeniumbua, mtoto wewe!”

Nesi alitoa mikasi, akatoa na kufuli. “Mwanangu, umekuja kutoa plazma au kufungua duka?”

Sindano akaangua kilio. “Na Shangazi je?”

Kiherehere alikwisha kutoka mbio. “Mjomba, una kilo ngapi?”

“Themanini na tano. Lakini mimi na sindano ni paka na panya.”

“Mjomba, dada amekataliwa. Umebaki wewe tu.”

Mjomba akaingia. Alipita vipimo vyote, akalala macho yamefumbwa kama mtoto anayepakwa dawa ya kidonda. Jumatatu, majibu ya magonjwa yalipotoka safi, Shangazi alitundikiwa mfuko wa plazma.

Kwenye benchi la wodi, Sindano alikuwa bado amenuna. Nesi akamwekea mkono begani.

“Kupimwa si kufukuzwa, mwanangu. Tunamlinda anayepokea, tunamlinda na anayetoa. Mizani umeidanganya, lakini mwili wako haudanganyiki. Anayekupenda hakuachi uumie ili apate sifa ya kunyamaza.”

Sindano alimtazama mdogo wake, ambaye hata sasa alikuwa akichezesha miguu chini ya benchi.

“Kweli,” alisema polepole. “Ungefunga domo, leo mngekuwa na wagonjwa wawili wa kutazama.”