Pumzi ya Mzee Mushiya

Mpelelezi Beya hakuwa na pikipiki, hakuwa na bastola, hakuwa na taa ofisini wala mke wa kumngoja. Huruma pia hakuwa nayo, na hakuwahi kuona hasara ya kuikosa.

Saa moja asubuhi alifika kwa Mzee Mushiya, mstaafu wa Kolwezi ambaye vumbi la mgodi lilikuwa limemla mapafu. Mzee alikuwa amekufa kitandani, mrija wa mashine ya oksijeni ungali puani. Uani, majirani walikuwa wamempiga Dimitri, mpangaji, mchimbaji mdogo wa kobalti, hadi akatema damu. Walikuwa wameona waya aliouvuta kwa siri kutoka nyumba ya mzee ili kuchaji taa yake ya kichwani.

Wivine, mke wa mtoto wa marehemu, muuza samaki wa barafu waitwao thomson, alieleza kwamba waya huo ndio ulioangusha disjoncteur, swichi kuu ya umeme, jioni. Aliporudi kutoka ibada alikuta giza, akadhani ni délestage, mgao wa umeme wa kila siku, akalala. Alfajiri ndipo alipoirudisha.

Beya aliagiza Dimitri apelekwe kachoni, mahabusu ya kituo. Kijana aliomba hospitali.

"Hospitali itangojea ukweli," Beya alimjibu.

Kisha alifungua congélateur, friza ya samaki wa Wivine. Samaki walikuwa wagumu kama mawe. Akasoma kaunta ya umeme: zilikuwa zimebaki yuniti nane na nusu. Kwa simu, Ruffin, mume wa Wivine, aliyekuwa kazini Fungurume, alithibitisha kwamba jana yake kaunta ilikuwa imefika sifuri, naye akatuma namba za yuniti kumi. Wivine alikubali kwamba aliziingiza saa moja jioni, kabla ya kwenda ibada.

Beya aliondoa kila waya ukutani. Aliiacha mashine ya oksijeni iwake peke yake kwa saa moja, akasoma kaunta. Akaiacha congélateur peke yake kwa saa nyingine. Waombolezaji walianza kumcheka. Mama Jeanne, dada wa marehemu, alimuuliza, "Tata, maiti iko hapa, weye unachunga congélateur?"

Ruffin alipofika, Beya alimkalisha mbele ya mkewe.

"Kwa saa moja mashine inakula theluthi ya yuniti, congélateur sehemu ya nane. Kuanzia jioni hadi asubuhi ni saa kumi na mbili. Kama disjoncteur ilianguka, zingebaki karibu kumi. Kama mashine ilifanya kazi, zisingezidi sita. Zimebaki nane na nusu. Hiyo ni congélateur peke yake, usiku muzima."

Wivine hakulia. "Mashine na congélateur byote pamoja, disjoncteur inaruka," alisema. "Samaki ingeoza. Tata mukwe yeye alikuwa anaoza tangu mwaka jana."

Ruffin aliuliza kwa sauti ndogo, "Hakukuita?"

"Aligonga ukuta. Kisha akaacha."

Mama Jeanne aliweka chini sahani ya thomson aliyopewa na Wivine asubuhi hiyo.

Beya alirudi kituoni kumfungulia Dimitri. Alimkuta amelala sakafuni, amekwisha kupoa. Ubavu uliovunjika ulikuwa umemtoboa ndani. Mlinzi alieleza kwamba alikuwa angali anangojea sahihi ya Beya ili ampeleke hospitali.

Beya aliketi akamwandikia Mama Tshiela, mamake kijana, huko Sandoa: "Mutoto wako aliiba umeme wa taa. Hakuua mutu. Nilijua hilo kabla ya saa sita mchana, naye alikuwa tayari amekufa."

Aliilamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa dereva wa lori lililokuwa likiondoka.