Hatua ya Mama Regina

Kila asubuhi Regina alifagia uwanja kabla baba yake hajaamka, akachemsha chai, kisha akavaa sare ya shule. Kazi hizo zamani zilikuwa za mama. Hakuna aliyemwambia azichukue. Alizichukua mwenyewe, akawa anazifanya vilevile kama mama alivyozifanya. Ufagio ulianzia mlangoni kwenda getini, kamwe si kinyume chake. Sukari ilitangulia kikombeni, chai ikafuata.

Siku moja baba yake, Mzee Elia, fundi wa kuchomelea mageti pale Kihonda, alimimina chai kwanza. Regina akakichukua kikombe, akaimwaga chai yote nje.

"Wee mtoto! Chai yangu imekukosea nini?"

"Mama hakufanya hivyo."

Baba akachukua kikombe, akatia sukari kwanza. Mkewe, Cecilia, alifariki kwa ugonjwa wa figo wakati wa masika ya mwaka uliopita, na nyumba ile ilikuwa bado haijajua kukaa bila yeye.

Kuna jambo ambalo Regina hakumwambia mtu yeyote. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kumpotea. Maneno aliyakumbuka vizuri, hata matusi madogo madogo ambayo mama alimtupia kuku akiingia jikoni. Lakini sauti yenyewe aliitafuta kichwani asiipate. Jambo hilo lilimtisha mno. Akajiambia kwamba akibadilisha kitu hata kimoja, mama atazidi kupotea mpaka asibaki hata kidogo.

Na katika vyote alivyovishikilia, alichokishikilia kwa nguvu zaidi kilikuwa ngoma. Mama yake alitoka Matombo, kule milimani, na kwenye harusi za kwao watu walimjua. Ngoma ya kwao huchezwa kwa kukita miguu yote miwili mpaka vumbi litimke. Mama Regina alikuwa na hatua yake. Mguu wa kulia aliukita kidogo tu, wa kushoto akauburuza polepole, mabega yametulia, na mkono mmoja ameuweka nyuma ya kiuno. Regina aliijua hatua hiyo barabara.

Shuleni kwao, Mwalimu Mansuri alisimamia kikundi cha ngoma. Walikuwa na ngoma mbili, na dumu tupu la mafuta ya kula ambalo lilipigwa na Salehe, mvulana wa darasa lao la sita. Mwanzoni mwalimu alifurahi sana kumpata Regina. Akamweka mbele awafundishe wenzake, na Regina akawafundisha kweli. Tuseme ukweli, aliwafundisha kama askari.

"Sivyo! Mkono nyuma! Shadya, mabega hayo mbona yanacheza?"

"Si ngoma, jamani? Mabega yasipocheza yatafanya nini?" Shadya alijibu, na wenzake wakacheka. Shadya alikuwa mchekeshaji wa darasa zima.

Kisha Mwalimu Mansuri akaleta zoezi jipya. Aliwapanga kwenye duara, akasema kila mmoja ataingia katikati na kucheza kitu ambacho hajafundishwa na mtu, akibuni palepale. "Fikiria umebeba ndoo ya maji kichwani, na ndoo imetoboka," aliwaambia. "Utachezaje? Usiniulize mimi. Uulize mwili wako. Salehe, wewe badilisha mdundo bila kuwaambia."

Loo, siku hiyo ilikuwa ni vicheko tu! Mmoja alicheza huku akikwepa matone. Mwingine aliyachezea maji kama amefika bombani. Salehe alipoharakisha mdundo, ndoo isiyoonekana ikaanguka, na mchezaji akaanza kuikimbiza. Zamu ya Regina ilipofika, aliingia katikati na kucheza hatua ya mama, mwanzo mpaka mwisho.

"Nzuri sana," alisema mwalimu. "Hiyo umepewa na mama. Sasa ya kwako iko wapi?"

"Yangu ni hiyohiyo."

"Jaribu, Regina. Kidogo tu."

"Sitaki," alijibu, akarudi mahali pake. Moyoni aliumia. Aliona kama mwalimu amemwambia amtupe mama yake jalalani.

Wiki iliyofuata mambo yakaharibika kabisa. Mwalimu aliwaambia wacheze kama mtu aliyechoka. Shadya akaingia, akaweka mkono nyuma ya kiuno, akaanza kuburuza mguu wa kushoto kama bibi anayeumwa mgongo. Akaguna, akakohoa, akajifanya anatafuta mkongojo. Kikundi kizima kikaangua kicheko. Hata mwalimu alitabasamu.

Regina hakufikiri. Alivuka duara na kumzaba Shadya kofi lililowanyamazisha wote.

"Regina!" mwalimu alipaza sauti. "Hapa hatupigani! Utakaa nje ya kikundi mpaka utakapokuwa tayari kumwomba mwenzako msamaha."

"Sirudi ng'o! Mnamcheka mama yangu!"

Alichukua begi lake akaondoka. Nyuma yake alimsikia Shadya akilia na kusema, "Wallahi, mwalimu, sikuwa namcheka mama yake. Nilicheza tu."

Jumamosi yake Regina na baba yake walipanda kwenda Matombo. Palikuwa na misa ya kumwombea mama, maana mwaka ulikuwa umetimia. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Baada ya misa watu walirudi nyumbani kwa mama mkubwa, dada yake mama, wakala ndizi na nyama. Walipomaliza kula, mama mkubwa alisimama uwanjani na kutangaza kwa sauti yake kubwa.

"Jamani, mwaka tumelia. Sasa ngoma zipigwe. Cecilia mwenyewe angekuwa hapa asingetuvumilia na nyuso hizi!"

Ngoma zikapigwa. Binamu zake Regina wakaingia uwanjani, wakakita miguu, vumbi likatimka. Regina aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeburuza mguu. Hakuna aliyeweka mkono nyuma. Alivumilia, alivumilia, mwisho akashindwa.

"Sivyo!" alipiga kelele. "Mnakosea! Mguu wa kushoto unaburuzwa! Mkono unakaa nyuma!" Akawaonyesha.

Mama mkubwa akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaona kwamba mtoto hacheki, bado ameuweka mkono nyuma. Akamshika mkono, akampeleka jikoni nyuma ya nyumba, akamkalisha kwenye kigoda.

"Nani amekuambia kuwa ngoma yetu inachezwa hivyo?"

"Mama."

"Alikuambia kwa mdomo wake?"

Regina akafikiri. Kwa kweli mama hakuwahi kumwambia. Yeye alimwona tu.

"Haya, nisikilize," alisema mama mkubwa. "Wewe ulikuwa mtoto wa kulialia, usiseme! Nyumba nzima hatulali. Siku moja kulikuwa na harusi hapa jirani, na wewe ulikuwa na homa. Mama yako amekubeba mgongoni tangu asubuhi, ndiyo kwanza umepata usingizi. Mara wanawake wanamwita, 'Cecilia, ingia! Cecilia, ingia!' Na mama yako hakuwa mtu wa kusikia ngoma akakaa. Sasa atakitaje miguu? Angekita, ungeamka. Basi akaburuza. Mabega akayatuliza ili usitikisike. Na mkono ule wa nyuma, mwanangu, alikuwa anakushika makalio usidondoke, maana ulikuwa mnene kama gunia la viazi."

Regina akamtazama bila kupepesa.

"Watu wakashangilia, wakadhani ni mtindo mpya. Mimi nilimwonea aibu, nikamwambia amekosea ngoma ya bibi zetu. Akanicheka. Harusi iliyofuata akacheza vilevile, na nyingine, na nyingine. Umeshatembea, umeshaanza shule, yeye anaburuza tu. Namwambia, 'Cecilia, mtoto ameshakua, kita mguu!' Ananiambia, 'Niache, dada, mimi bado namsikia mgongoni.'"

Hapo Regina akalia. Alilia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi, kile cha kukosa pumzi. Mama mkubwa hakumwambia anyamaze. Alimvuta kifuani, naye machozi yakimtoka.

"Lia, mwanangu. Ungelia tangu mwaka jana."

"Mama mkubwa," Regina alisema alipoweza kusema, "sauti yake naisahau. Na hii hatua nikiibadilisha, si atapotea kabisa?"

Mama mkubwa alimfuta machozi kwa kanga. "Sauti yake hata mimi inanikimbia siku nyingine," alisema. "Inauma, sikudanganyi. Lakini hatua haitamtoa kaburini, hata ukiicheza miaka mia. Na mama yako hakuwa mtu wa kuiga, Regina. Angekuona unavyowafokea wenzako, angekuvuta sikio hili hapa."

Jumatatu Regina alimsubiri Shadya kwenye lango la shule. Shadya alipomwona, alirudi hatua moja nyuma.

"Sikupigi," Regina alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Ulikuwa unabuni kama tulivyoambiwa, mimi nikakupiga. Nilikosa."

"Lilikuwa kofi hasa," alisema Shadya akijishika shavu. "Lakini na mimi nilijua ni hatua ya mama yako. Ningechagua nyingine. Yaishe basi."

Mchana Regina alimwomba mwalimu ruhusa ya kurudi kwenye duara. Mwalimu Mansuri hakuuliza mengi. Alimpisha tu aingie katikati, akamwashiria Salehe aanze taratibu.

Regina alisimama. Mkono wake ulitaka kwenda nyuma ya kiuno kwa mazoea, akauzuia. Alisimama kitambo mpaka wenzake wakaanza kutazamana. Kisha akainua mguu na kuukita chini kwa nguvu. Akakita tena. Akaizunguka sehemu ile ya ardhi akiikita, mara kwa mguu huu, mara kwa ule, mikono ameifungua, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayegonga mlango na ndani hakuna anayejibu. Salehe akamfuata kwa dumu. Regina akaongeza kasi, vumbi likampanda mpaka magotini. Hapakuwa na aliyecheka. Mwishoni alipiga magoti, akaweka viganja viwili chini, akatulia. Salehe akaacha kupiga.

Mwalimu Mansuri aliingia kwenye duara, akachuchumaa karibu yake.

"Ulikuwa unafanya nini, Regina?"

"Nilikuwa namwamsha mama," alijibu kwa sauti ndogo. "Yeye alicheza polepole ili mimi nisiamke mgongoni mwake. Mimi nimekita ili yeye aamke." Akafuta pua kwa mkono. "Hajaamka, mwalimu."

Mwalimu alikaa chini palepale vumbini, na suruali yake ya kazini.

"Hajaamka, mwanangu. Pole sana."

Kisha akawageukia wengine. "Mmeona? Hakuna aliyemfundisha Regina ngoma hii, hata mimi nisingeweza. Mama yake alikuwa na mtoto mgongoni na ngoma inamwita, akatafuta njia yake. Regina ana msiba moyoni na ngoma inamwita, naye ametafuta njia yake. Tunajifunza hatua za wazee wetu kwa heshima, tena tuzijue vizuri. Lakini mtu anayekariri tu, hata akikariri vizuri namna gani, hajasema lake bado. Ukiwa na furaha, sema lako. Ukiwa na majonzi, sema lako pia, wala usimpige mwenzako kwa ajili yake. Na kumkumbuka mtu si kusimama pale alipotuacha."

Regina alikuwa bado amepiga magoti. Shadya akatoka mahali pake kwenye duara, akaja akapiga magoti mbele yake, akaweka viganja vyake chini karibu na vya Regina. Hakufanya mzaha wowote. Salehe akaanza kulipiga dumu polepole, na mmoja baada ya mwingine wakaja, mpaka kikundi kizima kikawa kimeinama, mikono chini, wakimwita mama yake pamoja naye.